Ngoma Ipate Njia Yake

Maneno haya niliyasema Nyegezi, Mwanza, mbele ya watu wanaorekodi kwaya na vikundi vya ngoma. Nimeyaandika karibu kama yalivyotamkwa. Nimepunguza vikohozi na simu zilizolia katikati ya mazungumzo.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Na ninyi mliovuka na kivuko cha alfajiri kutoka Kamanga, mwangaluka.

Kitu hiki hapa mezani, mashine ya kurekodia, mnakiona ni kidogo, hakizidi Biblia ya kusomea kanisani. Kina traki nane, yaani njia nane za kuandikia sauti, kila moja peke yake, matundu mawili ya kuchomekea maiki, kinatumia betri nne za tochi, na kwa miaka mingi kimeniletea chakula nyumbani. Aliyenialika aliniambia, "Mzee, waeleze vijana jinsi ya kuweka besi." Nikamjibu nitakuja. Sikumwambia kwamba nakuja kuwaeleza jinsi ya kuitoa. (Kicheko.)

Lakini kabla ya besi kuna jambo moja, na leo nitalizunguka hilo hilo mpaka mchoke. Ekwalaiza, vile vitufe vya kupandisha au kushusha sauti za chini, za kati na za juu, inafanya kazi juu ya traki. Haijui ngoma, haijui mwimbaji, haijui huyu ni mama fulani wa sauti ya kwanza. Inachojua ni kilichomo ndani ya traki. Ukiwa umewatia wanne ndani ya traki moja, utakapoigusa umewagusa wote wanne. Kwa hiyo kazi ya ekwalaiza inaanza kabla hujaigusa ekwalaiza yenyewe, inaanza pale unapoamua maiki hii iende traki ipi.

Nilijifunza kwa aibu. Niliitwa kurekodi kwaya ufukweni, watu kama thelathini hivi, ngoma mbili, vijana wanne wamefunga njuga miguuni, na mwimbishaji mmoja mwenye sauti ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia baridi. Siku hiyo nilikuwa na mashine kubwa kidogo kuliko hii, yenye matundu manne. Maiki ya kwanza nikampa mwimbishaji. Ya pili na ya tatu nikaziweka mbele ya kwaya, ya nne kwenye ngoma. Nikavaa hedifoni. Nasikia kila kitu, safi kabisa! Taa za kipimo zinacheza. Nikabonyeza kitufe chekundu, nikakunja mikono kama bwana harusi.

Nyumbani usiku nafungua, naona traki ya kwanza na ya pili zimejaa. Ya tatu tupu. Ya nne tupu. Nikazima mashine, nikawasha tena, kana kwamba zitajijaza. Kumbe siku iliyotangulia kijana wangu alikuwa ameitumia kurekodi mahojiano, akapanga matundu yote manne yaingie traki mbili, kulia na kushoto. Kwake yeye ilikuwa sahihi. Mashine ilikumbuka mpango wake, mimi sikuuliza. Maiki zangu nne zote zilikuwa zimemiminwa humo.

Nikajiambia, si kuna ekwalaiza? Ngoma ilikuwa imemfunika mwimbishaji, basi nikapunguza chini, kwenye hezi 80 mpaka 120. Hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde, namba ndogo ni sauti ya chini, kubwa ni ya juu. Ngoma ikashuka, kweli. Ila wanaume wa besi nao wakashuka nayo, wakabaki wanaimba kama watu waliotumbukia ndani ya ndoo. Nikarudisha. Njuga zilikuwa zinachoma masikio, nikapunguza juu, kwenye kilohezi 6 mpaka 8, yaani hezi elfu sita mpaka elfu nane. Njuga zikapoa. Halafu mwimbishaji akaimba "asante", na mimi nikasikia "aante". Herufi zake zote za "s" zilikuwa zinakaa chumba kimoja na njuga, nami nilikuwa nimekifunga kile chumba.

Mwaloni pale Kirumba kila mtu anajua dagaa waliokaushwa mchangani na waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani utawaosha maji ya kwanza, ya pili, ya tano, na bado ukitafuna jino linakwaruza. Wala hakuna anayeyalaumu maji. Mimi usiku ule niliosha mpaka saa tisa, asubuhi nikapiga simu kwa mwalimu wa kwaya. Tukarudia kurekodi kwa gharama yangu.

Sasa tuiangalie njia yenyewe. Sauti ikitoka kwenye maiki inaingia kwenye tundu. Hapo kuna kitufe cha gaini, kinachoamua iingie na nguvu kiasi gani. Kisha inafika njia panda: iende traki ya ngapi? Ikishaandikwa kwenye traki, ndipo inatoka kupitia ekwalaiza, kitufe cha kuipeleka kulia au kushoto, na feda, kile cha kusukuma kupandisha au kushusha sauti ya traki nzima. Feda, si fedha. Fedha bado hatujaziona. (Kicheko.) Kisha traki zote zinakutana kwenye miksi, unapata wimbo.

Mfikirie abiria pale stendi. Kukata tiketi ni jambo moja, kupanda basi ni jambo lingine. Maiki yako inaweza kuwa imeingia stendi vizuri, taa inawaka, ila imepanda basi la Musoma wakati ulitaka ifike Bukoba. Na hapa ndipo hedifoni zinapowadanganya wengi. Hedifoni zinakusikilizisha stendi nzima kwa pamoja. Hazikuonyeshi nani amepanda basi gani. Ndiyo maana siku ile nilisikia kila kitu kikiwa safi na bado nikapotea.

Kijana, wewe wa shati la kijani, njoo hapa. Usiogope. Shika maiki hii. Ipige kucha taratibu, tk tk tk. Haya, wote tazameni kioo cha mashine. Taa ya traki ipi inaruka? Ya tatu. Nilitaka ya tatu? Ndiyo. Sasa iache, gusa ile nyingine. Inaruka ya nne. Ya tatu imelala? Imelala. Vizuri. Hiyo ni nusu dakika. Mimi sibonyezi kitufe chekundu kabla ya kugonga maiki moja moja namna hiyo, hata kama askofu ameshasimama na mkono uko hewani. Atasubiri. Kwenye baadhi ya mashine njia unaipanga kwa kitufe kilichoandikwa ASSIGN, kwenye nyingine tundu la kwanza linaenda traki ya kwanza tu utake usitake, na nyingine zinataka uingie kwenye menyu. Kila mmoja aende akatafute kwenye ya kwake. Na ukimwazima mtu mashine, hesabu kwamba imerudi na akili ya huyo mtu.

Halafu andika kwenye daftari. Traki ya 1 mwimbishaji, ya 2 ngoma kubwa. Msicheke, vijana. Baada ya miezi mitatu utakutana na mafaili nane yenye majina ya namba tupu na hutajua yupi ni nani mpaka uyafungue yote.

Swali najua linakuja: mzee, mashine yangu ina traki nane lakini matundu mawili, nitawatenganisha vipi watu thelathini na ngoma? Swali zuri, na hapa ndipo penye utamu, tukae kidogo.

Ikiwa kikundi kinaweza kurudi na kuimba juu ya kilichorekodiwa, rekodi kwanza ngoma na njuga, kisha wanaume, kisha wanawake, kisha mwimbishaji, kila zamu matundu yale yale mawili unayaelekeza kwenye traki mpya. Traki za zamani zinawasikilizishia kwenye hedifoni. Kwa kwaya iliyozoea mazoezi inawezekana. Kwa bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, haiwezekani, nawaambia msijaribu. Mcheza jembe anamtazama mpigaji usoni, mpigaji anatazama miguu. Ukiwatenganisha unarekodi maiti.

Kwa hiyo utalazimika kuwaweka wawili kwenye traki moja, na swali linakuwa nani akae na nani. Watu wengi wanapanga kwa jinsi wanavyosimama: waliosimama karibu, maiki moja. Mimi napanga kwa vyumba. Sauti zote tunazosikia sisi binadamu ziko kati ya hezi 20 na hezi 20,000, na kila chombo kina chumba chake humo. Ngoma kubwa inanguruma chini, hezi 60 mpaka 100 na kidogo juu yake. Sauti ya mwanaume anayeongea msingi wake unaanzia kama hezi 85 mpaka 180, ya mwanamke kama 165 mpaka 255, na juu ya msingi huo kuna ngazi za sauti zinazopanda mpaka maelfu. Njuga zinakaa juu kabisa, kilohezi 5 na kuendelea. Kwa hiyo ngoma na njuga wanaweza kulala traki moja bila ugomvi, mmoja yuko chini na mwingine darini. Kesho ukitaka ngoma zaidi unapandisha chini, ukitaka njuga zipungue unashusha juu, na kila mmoja anakutii. Lakini ngoma kubwa na wanaume wa besi? Usiwaweke pamoja. Mwimbishaji na kwaya? Kabisa usiwaweke, wanagombea chumba kile kile na ekwalaiza haitawaamua.

Hilo hakuna aliyenifundisha, na kijitabu cha mashine hakikuliandika. Nililipata usiku ule wa "aante".

Niwape kidogo ya zamani, wazee watanielewa. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa mashine iitwayo Portastudio 144, traki nne kwenye kaseti ya kawaida, ile ile ya kusikilizia dansi. Nyumba ya studio nzima ikawa kitu cha kubeba kwapani. Ila mashine ilizungusha mkanda kwa kasi mara mbili ya kawaida, na ilitumia upana wote wa mkanda kwa upande mmoja. Kaseti ya dakika 60 ikawa ya dakika 15. Mimi nilikutana na mashine ya ukoo huo miaka mingi baadaye, ikiwa ya mkono wa nne au wa tano. Mwenzangu mmoja, Mungu amweke, alimaliza kurekodi upande wa kwanza, akaigeuza kaseti kama alivyozoea, akarekodi wimbo wa pili "upande wa B". Upande wa B haukuwepo. Alikuwa anaandika juu ya wimbo wa kwanza, kinyumenyume. Tuliposikiliza, kwaya ilikuwa inaimba kama majini. Wimbo wa kwanza ukaenda hivyo, hatukuupata tena.

Kwenye mashine zile, traki zikikujaa ulikuwa unazimimina tatu kwenye ya nne, halafu unafuta zile tatu uanze upya. Kila ukimimina, sauti ya mkanda, ile shhh, inaongezeka, na ekwalaiza uliyoiweka siku hiyo inaganda humo milele. Leo mashine za kadi bado zina uwezo huo wa kumimina, nao hauleti shhh. Lakini kule kuganda kwa ekwalaiza kupo pale pale. Kabla hujamimina, nakili wimbo wote pembeni. Kadi ni rahisi. Kwa ubora wa kilohezi 48 na biti 24, traki moja inakula kama megabaiti 8.6 kwa dakika, nane zinakula kama 69. Kadi ya gigabaiti 32 inakupa zaidi ya saa saba za traki zote nane. Hakuna kwaya inayoimba saa saba. (Sauti: Ipo!) Ipo? Basi hiyo inunuliwe kadi mbili.

Tuingie sasa kwenye vitufe vyenyewe. Mashine ndogo nyingi zinakupa vitatu: chini, kati, juu. Nzuri zaidi kidogo zinakuruhusu kuchagua namba ya hezi mahali unapotaka kukata. Kiasi unachokata au kuongeza kinahesabiwa kwa desibeli. Desibeli 3 utazisikia. Desibeli 6 ni nyingi. Ukijikuta kwenye 12, simama, nenda kasogeze maiki.

Mama yangu wa kwaya, uliye mstari wa mbele, naomba ubeti mmoja, wowote. Kijana, msogezee maiki karibu, karibu zaidi, kama vile anataka kuila. Haya.

(Mama aliimba. Ukumbi ulimpigia makofi.)

Asante mama. Mmesikia jinsi sauti ilivyokuwa nene, imejaa kama uji mzito? Hiyo si sauti ya mama, mama amesimama hapa mmemsikia kwa masikio yenu. Ni ukaribu. Maiki nyingi hizi tunazoshika mkononi, ukizikaribia sana, zinaongeza chini zenyewe. Sasa naipandisha ekwalaiza ya kati, desibeli 9, makusudi, nitengeneze ubaya. Naizungusha namba taratibu. Hezi 800, inalia puani. Naenda 500, inakuwa kama sanduku la mbao. 300. 250, hapo! Mmesikia inavyouma? Uji wote uko hapo. Nikishapaona, ndiyo nageuza upande, sipandishi tena, nakata desibeli 4. Sikilizeni. Naondoa. Narudisha. Mnaona? Sijaongeza chochote, lakini maneno yanasikika zaidi.

Ndiyo njia yangu: tafuta kwa kupandisha, tibu kwa kukata. Vijana wanapenda kupandisha na kuacha. Besi juu, trebo juu, halafu kati inaonekana imepotea, basi na kati juu. Rafiki yangu, ukipandisha vyote vitatu umepandisha sauti tu, ungesukuma feda ukapumzika.

Na sasa kijana, mrudishe mama nyuma, shubiri moja na nusu kutoka kwenye maiki. Mama, mstari mmoja tena, naomba. (Aliimba.) Ekwalaiza nimeizima. Mmesikia? Shubiri moja na nusu imefanya kazi ile ile, na haikuhitaji umeme.

Upepo. Sisi wa ziwani hatuwezi kuusahau. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na kwaya zinapenda kuimba saa tisa alasiri na video ikiwa inapigwa juu ya mawe. Upepo ukigonga maiki unazaa ngurumo ya chini kabisa. Kwenye tundu la mashine, au kwenye maiki yenyewe, kuna swichi ya kukata chini, mara nyingi kuanzia hezi 80 au 100. Hapo ndipo pekee ninapokubali ekwalaiza iingie kabla ya traki. Nyingine zote nawaambia: andika sauti ilivyo, utachonga baadaye, maana kilichokatwa mlangoni hakirudi. Lakini ngurumo ya upepo usipoizuia mlangoni inaweza kujaza kipimo, sauti ikapasuka, na iliyopasuka haishonwi kwa kitufe chochote. Mvisheni maiki kofia ya sponji au ile ya manyoya. Na swichi hiyo msiiwashe kwenye maiki ya ngoma kubwa! Niliwahi kusikiliza kazi ya kijana mmoja mwenye bidii sana, ngoma yake inalia kama mtu anapiga debe. Alikuwa amekata chini kwenye maiki zote nne.

Jenereta na nyaya za umeme zina wimbo wao, hezi 50, na ndugu zake 100 na 150. Ukiusikia mmm kwenye hedifoni, tafuta waya uliolala sambamba na waya wa umeme, uuhamishe. Betri zinasaidia. Ila maiki za kondensa zinakula volti 48 kutoka kwenye mashine, betri zitakwisha ibada haijafika matoleo. Beba za akiba.

Kuna ugonjwa mmoja ambao ekwalaiza haiuoni kabisa. Umeweka maiki mbili kwa mtu mmoja, moja karibu, nyingine nyuma kidogo, tuseme sentimeta 34 zaidi. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo inafika maiki ya pili ikiwa imechelewa elfu moja ya sekunde. Ukizichanganya traki hizo mbili kwa nguvu sawa, pale kwenye hezi 500 moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Zinafutana. Halafu zinafutana tena kwenye 1,500, na 2,500, na kuendelea. Sauti inakuwa kama imepitia bomba. Utapandisha 500 mpaka kitufe kikatike, hakuna kitu, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kupandisha. Dawa yake ni kushusha feda moja. Na kama ulizipa traki mbili tofauti utaweza. Kama ulizimwaga moja, basi. Na mawe yetu ya Mwanza mnayoyapenda kwa video yanafanya jambo lile lile: sauti inagonga jabali, inarudi imechelewa, inaingia maiki ile ile. Simameni mbele ya jabali kwa picha, kwa sauti sogeeni.

Mama mmoja pale nyuma ana swali.

(Aliuliza: "Baba, mbona mwanangu akirekodi kwa simu inasikika vizuri kuliko hizi mashine zenu?")

Mama, umenipiga mahali penye jeraha. Ni kweli, mara nyingi ukisikiliza papo hapo, simu inashinda. Simu inajipimia yenyewe, mkiimba polepole inapandisha, mkipaza inashusha, inapunguza na kelele. Imekupikia. Mashine hii inakupa samaki mbichi. Mkirudi nyumbani mkiicheza bila kuipika, mtasema mbovu. Ila simu ya mwanao, ngoma ikimfunika mwimbishaji, imemfunika moja kwa moja.

Na tukiwa kwenye simu. Watu watasikiliza wimbo wenu wapi? Kwenye simu, kwenye bajaji, kwenye spika ya dukani pale Igoma. Spika ya simu haiwezi kutoa hezi 70. Haiwezi, ni ndogo kama kifungo. Vijana wakisikia ngoma imepotea kwenye simu wanapandisha 70 zaidi, kipimo kinajaa, sauti nzima inabanwa, na ngoma bado haipo. Tafuta kiganja. Ule mpigo wa mkono kwenye ngozi, tak, uko juu, kilohezi 2 mpaka 4. Uongeze huo desibeli 2 au 3. Sikio likisikia kiganja na zile ngazi za katikati, linajijazia lenyewe ngurumo iliyokosekana. Sikio ni la ajabu, mimi nimelitumikia miaka yote hii na bado linanishangaza. Na hili nalo linataka ngoma iwe na traki yake, maana kilohezi 3 ndipo maneno ya mwimbishaji yanapokaa.

Jambo la mwisho nalisema kwa uchungu kidogo. Kwaya moja ninayoifahamu ililipa studio, sitataja, wakapewa wimbo mmoja uliokamilika kwenye flashi. Baada ya mwaka wakataka kuongeza sauti ya mwimbishaji tu, kidogo. Studio imefungwa, traki hazipo. Ndugu zangu viongozi wa kwaya, mkilipa, daini traki zenu zote, moja moja, hata kama hamjui mtazifanyia nini. Na wewe mrekodi, wape bila kunung'unika. Ni sauti zao.

Mwalimu ananionyesha saa. Upepo nao naona umetulia, majani ya ule mwembe hayatikisiki. Vijana wa ngoma wako nje tangu saa nne, na njuga zao nimezisikia wakati wote nikizungumza, naamini na ninyi. Tutoke. Shati la kijani, wewe beba mashine. Matundu ni mawili, tutarekodi kwa zamu: mwimbishaji traki ya 1, kwaya ya 2. Ya ngoma na njuga utaipanga mwenyewe. Utazigonga maiki zote, na mama huyu aliyeuliza swali atashika daftari. Wabeja.